Bibi Ashika Dadu

Wewe mjukuu wangu mkubwa,

Nani alikufundisha kumkatiza mtu mwenye kigugumizi? Tangu uhamie huko kazini, mdogo wako hataki hata kuusikia ule mchezo wenu wa kujifanya watu wa hadithi. Nikamuuliza kulikoni. Kumbe wewe msimuliaji ulikuwa unashika kitabu cha sheria, na akichelewa kujibu unamwambia, "Zamu imepita, umekufa."

Basi Jumapili nikamkalisha sebuleni na binamu zako, dadu ya kurusha ili kuamua nani afaulu nikashika mimi. Kitabu sikukifungua, herufi zenyewe ndogo kama chawa. Nikawaambia kwenye hadithi mko langoni, mlinzi ana mkuki, hapiti mtu. Binamu zako wakataka kupigana. Nikamgeukia mdogo wako: "Na wewe mama, unafanya nini?" Kisha nikangoja. Mmoja akaanza kucheka, nikamtolea jicho, akakimeza kicheko chake.

"Na-na-namuuliza kama amekula."

Nikamjibu kwa sauti nzito ya mlinzi kwamba tangu asubuhi sijatia kitu tumboni. Akanibembeleza wee, mpaka lango nikalifungua mwenyewe, dadu hata sikurusha! Kelele walizopiga, jirani akaja kuuliza kama kuna harusi.

Usiniambie nimevunja sheria. Mtoto anayekwenda dukani na karatasi ili asitamke neno, ameongea mbele ya watu!

Mimi bibi yako, msimuliaji mpya wa nyumba hii, nasema hivi: Jumapili ijayo uje ucheze chini yangu. Kwanza umwombe radhi mdogo wako. Na akikwama kwenye neno, mngoje alimalize mwenyewe.