Usiwape Hati ya Boma

Kileleshwa, Nairobi
Jumanne asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Natumaini goti limetulia na mvua imewapa nafasi ya kupalilia. Jacklyne ameniambia ng'ombe amezaa ndama jike. Nimefurahi, au tuseme najua hili ni jambo la kufurahia. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nikiamka naketi. Ndugu yangu Sifuna pia ni mzima na anakusalimu, ingawa hajui ninachokuandikia.

Utashangaa kupokea barua siku hizi za simu. Simu umenikatia mara mbili, Mama, kila nilipomtaja Mheshimiwa Obuya kwa ubaya, na sikulaumu. Kwa hivyo nitampa Jacklyne karatasi hizi, kwa kuwa anarudi nyumbani kesho baada ya kununua vitambaa vyake vya kushonea. Tafadhali vaa miwani usome mwenyewe mpaka mwisho, kabla ya Ijumaa. Habari za Ijumaa ninazo. Jacklyne amenieleza kwamba watu wawili wa Mheshimiwa watakuja kuchukua hati ya boma, eti karatasi za Sifuna za kwenda ng'ambo zimekwama na hati hiyo itawekwa rehani ili zitoke. Usiwape. Nitakueleza sababu, ila niache nianzie palipo rahisi.

Nilipoajiriwa Spring Valley uliwaambia akina mama wa kanisa kwamba binti yako anafanya kazi kwenye nyumba yenye bustani kama ya gavana. Bustani ilikuwepo kweli. Bwana Gerishon Muigai, mwenye kampuni, alikuwa akiwaambia watu kwamba anajenga hoteli kubwa kisiwani huko Ulaya, na kwamba anayenunua sehemu ya hoteli hiyo hupewa na serikali ya huko kibali cha kuishi, yeye au mtoto wake. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea wageni, kuwapa chai na kuwaonyesha hoteli kwenye runinga. Niliionyesha mara nyingi sana, hata nikajua vyumba vyenye dirisha la kutazama bahari. Kumbe hapana hoteli. Kuna kiwanja chenye nyasi na kibao, basi. Picha zilitengenezwa kwa kompyuta hapa hapa River Road, kwa yule fundi wa uchapaji aliyetuchapia ratiba ya mazishi ya Baba. Vyeti vyenye muhuri wa dhahabu, kile chako kikiwemo, vilitoka kwake pia.

Watu hawakuwa wajinga, Mama. Waliona ukutani picha za waheshimiwa watatu wakikata utepe na Gerishon, na Obuya akiwa mbele na tabasamu lake. Si mbunge wa kwetu, lakini nani hamjui kwa runinga? Wapelelezi sasa wamegundua kwamba kwa kila familia iliyonunua, fungu lilikwenda kwa kampuni ya mke wake. Walipokuja mwezi uliopita kubeba kompyuta, niliwafungulia mlango mwenyewe na karibu niwaulize kama watakunywa chai. Gerishon alikamatwa, kisha akaachiliwa kwa dhamana. Jioni hiyo Mheshimiwa alitokea kwenye habari akasema yeye alikuwa mgeni tu, kama mtu anayealikwa harusini, hawezi kuulizwa bwana harusi amefanya nini baadaye. Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

Sifuna bado anasubiri. Kila asubuhi anapiga pasi shati lake jeupe, maana aliambiwa siku yoyote ataitwa ubalozini kwa mahojiano. Nimempigia simu kwa siri mfanyakazi wa ubalozi huo, akatafuta jina lake polepole, herufi kwa herufi, na halimo. Halikuwahi kuwemo. Sifuna nimemwambia kampuni ina matatizo. Ananiuliza kama shati la bluu lingekuwa bora.

Nawe umemwambia Jacklyne kwamba hizi zote ni fitina za siasa, kwamba mtu aliyesimama kaburini akamlilia mume wako hawezi kukuibia. Umesema alimjua Baba kuliko hata ndugu zake, maana alitaja mambo ambayo hakuna mgeni angeyajua. Sasa, Mama, kama umesimama, keti.

Mheshimiwa Obuya hakumjua Baba. Hakuwahi kumwona, si kwenye kinu chake cha kusaga, si kanisani, si popote. Mimi ndiye niliyemleta. Baba alipofariki nilimwomba Gerishon ruhusa ya siku nne, akanipa wiki nzima, akasema atatuletea na mheshimiwa, kwa kuwa mazishini ndiko watu wanakoaminiana. Niliona ni heshima kwetu. Hata nilijivuna kidogo. Asubuhi ya mazishi niliingia kwenye gari la Mheshimiwa pale Webuye nimwonyeshe njia, na tulipokaribia nyumbani akaniuliza kama marehemu ni mwanamume au mwanamke. Nikamkabidhi karatasi. Jina la Baba, Khaemba, alilitaja kombo na watu wakadhani kosa ni la kipaza sauti. Yule jogoo uliyemkamata kwa mikono yako ukampelekea garini, dereva alimwacha kwenye kituo cha mafuta.

Ile karatasi nilikuwa nimejiandikia mwenyewe. Nilitaka kusimama nimuage Baba. Lakini ratiba ilipopangwa, baba wadogo walisema Sifuna atasema kwa niaba ya watoto wote, na muda uliobaki ni wa wageni wa heshima. Wewe ulikuwa umelala ndani, hukujua. Nilikuwa nimemwonyesha Gerishon maneno hayo kabla sijatoka Nairobi, na alipopiga simu nikamwambia sitayasema. Akacheka, akasema, "Hiyo kitu ni poa sana, haiwezi potea hivyo. Mpatie Mheshimiwa aisome. Na pale mwisho ongeza mambo ya brathako kwenda majuu. Sema ni mzee alitaka hivyo."

Nikaongeza.

Mambo ya vifungo vya shati aliyoyasoma Mheshimiwa, Mama, Baba aliniambia mimi, tukimsubiri daktari zahanatini. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema kila Jumapili, miaka thelathini, alikuwa akivifunga kombo makusudi ili umsimamishe mlangoni uvipange. Ulipojifunika leso ukalia, ulilia kwa jambo la kweli. Kuhusu wajane aliowasagia bila malipo, kweli. Namna alivyoimba wimbo mmoja tu na kuukosea, kweli. Uongo ulikuwa sentensi moja, kwamba kabla ya kufumba macho Baba alimwomba Mheshimiwa amsaidie Sifuna avuke ng'ambo. Baba hakumwomba mtu lolote. Alitaka Sifuna abaki kinuni, na mimi nilijua. Sentensi hiyo ndiyo uliyoitii ulipouza shamba la barabarani umnunulie Sifuna sehemu ya hoteli, ukisema huwezi kupinga neno la marehemu. Ndiyo unayotaka kuitii tena Ijumaa. Niliiandika kwa mkono wangu, nikaketi kwenye hema nikaisikiliza ikisomwa, nikakuona unaitikia kwa kichwa. Ulipouza shamba mwaka jana nilikuwa bado na nafasi ya kusema. Sikusema. Nilikuwa nimepandishwa cheo.

Alhamisi nakwenda mjini kuandikisha taarifa kwa wapelelezi. Nakala ya karatasi hiyo ninayo, na nitawapa. Wakili wa Gerishon alinipigia akasema nikikaa kimya hakuna atakayenishtaki. Nikisema, huenda nikashtakiwa pamoja nao. Usiku wa leo nitamwambia Sifuna. Watu wa Mheshimiwa wakija, wakikuambia Baba alitaka hivi na vile, uwaulize walimjua wapi.

Msamaha sikuombi leo, maana sijui ningeupokea kwa mikono gani. Naona haya, Mama. Hilo angalau nalihisi.

Nisalimie shangazi, wasalimie wote wa kinuni, na umpe pole jirani yetu Stellah kwa msiba wake. Jacklyne anaweza kuniletea jibu hata la mdomo. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Lakini watu wakianza tena kuyarudia maneno ya siku ile mbele yako, wakimsifu Mheshimiwa, ujue kwamba aliyekuwa akimuaga Baba ni mimi.

Mwanao,
Nakhumicha