Tafsiri Yangu Kwenye Mazishi ya Mzee Wanjala

Dada Njeri,

Natumai baridi ya Kitale haijawazidi. Mimi ni mzima, ila hapa Bungoma nimepata aibu.

Jana tulimzika Mzee Wanjala, mume wa Mama Nafula aliyekuwa jirani yetu huko nyumbani. Mpwa wake alisoma wasifu wa marehemu kwa Kiingereza, nami nikaombwa nitafsiri. Mwishoni akasoma kwamba Mzee "is survived by his wife". Mimi nilijua survive ni kunusurika, kama mtu aliyetoka mzima kwenye ajali. Basi nikatangaza kwa kipaza sauti, "Mzee aliokolewa na mke wake."

Watu wakageuka kumtazama Mama Nafula. Mpwa akaninong'oneza, "Hapana, dada. Hapo survive ni kubaki nyuma. Mzee ameacha mke." Nikajirekebisha kwa kipaza sauti hicho hicho.

Kuku walipopakuliwa niliacha sahani yangu. Nilimfuata Mama Nafula nyuma ya jikoni, nikamwomba msamaha huku nikilia. Akanishika mkono.

"Wacha kulia, mama. Tangu augue najiuliza kama nilimwangalia vizuri. Uliposema ati nilimwokoa, roho yangu ilitulia kidogo. Halafu ukarekebisha."

Sikujua tena nimwombe msamaha wa kosa lipi. Nimeamua kukaa naye hapa mpaka Jumapili, nimsaidie kuosha vyombo.

Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, na umwambie nampenda.

Mdogo wako,
Wanjiru