Mzee Aliyechukuliwa na Mto

Jumanne, Septemba 1974

Leo nimeponea chupuchupu. Tangu mgongo uanze kuniuma, wenzangu hapa kwenye mashamba ya chumvi wananibebea makapu, nami nawasimulia makauboi niliowaona kwenye televisheni ya tajiri nilipokuwa mtunza bustani Mombasa. Nilikuwa nachungulia dirishani kila Jumamosi. Mpaka leo nalikumbuka lile vumbi la farasi, na moyo unanienda kule.

Shida ni kwamba hadithi za kweli ziliniishia mwezi uliopita. Tangu hapo natunga.

Leo akaja kibarua mpya, Rashidi, Mdigo. Nilikuwa nimefika pale mzee anayeongoza msafara anapochukuliwa na mto. Akasema, "Hayo hata mimi nimeyaona Mombasa."

Wakijua nawadanganya, nitabeba mwenyewe, na kwa mgongo huu sifiki Ijumaa. Nitarudi kwetu Singida na nini?

Bakari, mmoja wa wanaonibebea, akamuuliza, "Haya mgeni, mzee alichukuliwa na mto kweli, au huyu Mnyaturu anatuchezea?"

Rashidi akanitazama kwanza. "Alichukuliwa," akasema.

Tulipokuwa tunaosha miguu akanisogelea. "Kaka, mto haukuwamo."

Nikamwambia najua.

"Basi kesho kapu lako nabeba mimi. Lakini mzee usimuue, nimeshampenda."

Nimecheka mpaka mgongo umeniuma tena. Sasa nimekaa na kalamu, natafuta namna ya kumtoa majini.