Kompyuta ya zahanati ina kasi, lakini inarudia majibu ya zamani

Mwenzangu, natoka zahanati sasa hivi na hasira zangu. Nesi alishavuta dawa kwenye sindano amchome mwanangu penisilini!

Penisilini! Ileile iliyomvimbisha koo juzi, na wakaandika wenyewe kwenye kompyuta.

Nikamdaka mkono. Ananiambia, "Mama, kompyuta inasema hana shida."

Akaitwa fundi wa kompyuta. Eti ilikuwa inachelewa kujibu. Angeweza kupanga upya kumbukumbu zote zipatikane upesi, lakini kazi ni kubwa. Basi akaiambia itunze jibu la kwanza, iwe inalirudia wiki nzima. Na jibu la mwanangu ililitunza juzi, kabla hajavimba koo.

"Ila sasa ina kasi, mama," fundi ananiambia.

Ina kasi! Ya kumwahisha mwanangu wapi?

Kesho unampeleka binti yako. Mwambie nesi kwa mdomo wako dawa zinazomdhuru, na usimwachie mtoto mpaka nesi mwenyewe aitikie kuwa amesikia.