Waliposema Hatufanani

Mpendwa pacha wangu Hodan,

Tangu basi likuchukue kurudi Kutulo nina jambo linanizunguka kichwani, na sina wa kumwambia ila wewe uliyelianzisha bila kujua.

Unakumbuka hooyo akisimulia alivyokufunga uzi mwekundu mkononi asije akamnyonyesha mmoja mara mbili? Ayeeyo naye, hakuhangaika kutafuta mjukuu yupi kakosa, alituchapa wote. Tulikunywa maji ya kisima kimoja, yakatutia meno rangi ya kahawia, na hakuna aliyejali. Kutulo nzima ilikuwa na meno hayo.

Niliyajua meno yangu nilipoletwa hapa Galbet, Garissa, kwa habaryar, mdogo wake hooyo, ili nisome. Siku ya kwanza darasani msichana mmoja aliniuliza, "Kwani wewe hupigi mswaki?" Wakacheka. Tangu hapo nazungumza na ncha ya mtandio mdomoni. Nimesugua kwa mkaa, nimesugua kwa ndimu na chumvi mpaka ufizi ukatoka damu. Habaryar akaninyang'anya ile ndimu. "Wallahi, unataka kubaki kibogoyo?"

Halafu ukaja hapa kwa Idd. Ukakaa uani na Nasteho, mwanafunzi mwenzangu, ukamsimulia jinsi beberu wa ayeeyo alivyopanda gari la chifu akakataa kushuka. Ulicheka kichwa nyuma, meno yote nje. Nasteho akanifuata jikoni.

"Kumbe uko na dada mrembo hivi! Mbona hamfanani?"

Abaayo, dada yangu! Nilitaka kumkumbatia, nilitaka pia kumfukuza. Nikakuonea wivu, wivu wa sura ambayo ni yangu mwenyewe. Ushawahi kusikia kitu kama hicho?

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini siku ya safari, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya basi, ulinigusa shavu.

"Ngozi yako laini," ulisema. "Kule wananiambia pacha wa Garissa ndiye aliyebaki na sura, mimi jua limenimaliza. Ndiyo maana nilikataa kupiga picha na wewe."

Nilingoja ucheke. Hukucheka. Kondakta akapiga bodi ya basi, mkaondoka, nami nikabaki nimesimama kwenye vumbi kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

Sasa nimwamini nani? Wiki nzima nilikutazama ukila, ukisukwa, ukilala mdomo wazi, na sikuona ubaya wowote. Kumbe nawe ulikuwa ukinitazama hivyo hivyo, ukitamani. Najaribu kulipanga jambo hili kichwani, halipangiki. Kuna siku nakasirika, kuna siku nacheka peke yangu, halafu mkono unaenda mdomoni wenyewe.

Ukirudi tusimame wote wawili mbele ya kioo kimoja, bila mitandio. Halafu unionyeshe kwa kidole ni yupi kati yetu aliye mbaya.

Msalimie ayeeyo. Mungu akutunze huko.

Ni mimi, pacha wako uliyemtangulia kuzaliwa.