Mama Kakataa V8, Anataka Mkokoteni

Shangazi Milembe, shikamoo, na kama nimekuzidi umri unisamehe, kwenye gazeti huonekani sura. Safu yako naisoma kila wiki dukani kwangu na siku zote nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, sasa zamu imenifikia na sioni cha kuchekesha.

Mimi ni muuza pembejeo hapa Bariadi, dawa za pamba, mbegu, mabomba ya kupulizia, na baada ya kuhangaika sana nikajaliwa gari, V8 nyeusi, safi kabisa, na taabu yangu ilianza pale rafiki yangu Constantine aliporudi kutoka Mwanza na gari lake limevishwa rimu kubwa za kung'aa, inchi ishirini na mbili, na tairi nyembamba kama mkanda, akisimama kituo cha mafuta watu wanaacha shughuli zao waangalie, nami nikiegesha langu pembeni naonekana kama nimekuja kuomba lifti. Nikavumilia, nikashindwa, nikaenda Mwanza na mimi, nikashinda pale dukani nachagua, hii ina mikono mitano, hii ina ukingo wa fedha, mpaka nikapata za kunikosha roho, fundi akasema kwa gari hili zitagusa kidogo kwenye madigadi lakini si kitu, akakata plastiki ya ndani, akaweka spesa ili rimu isogee nje isikwaruze, akafunga. Niliporudi Bariadi nakwambia ukweli Shangazi, nilizunguka mji mzima bila kuwa na safari. Stelingi ilikuwa inatetemeka nikikoleza mwendo, nikasema itazoea.

Sasa zile tairi za mwanzo, zile nene zilizokuja na gari, nilimpelekea shemeji yangu Mihayo, kaka wa mke wangu Lucy, analima pamba kule Mwandoya na mkokoteni wake wa ng'ombe ulikuwa umeisha tairi hadi nyuzi zinaonekana, nikampa zote na rimu zake, mbili afunge na mbili ziwe za akiba, fundi wa kuchomelea akamtengenezea ekseli ya kuzipokea, ukweni wakafurahi wakachinja mbuzi, baba mkwe akasimama mbele ya wazee akasema binti yake aliolewa na mtu, nami nimekaa pale kichwa kimevimba.

Mambo yaliharibika hivi. Mama yangu mzazi anakaa kijiji cha jirani na kwa Mihayo, ni mtu mzima, hatembei sana, na baada ya mavuno nilikwenda kumchukua aje Bariadi akae na wajukuu, na njiani, hata lami hatujaifikia, tukaingia kwenye shimo la kalavati lililomong'onyoka, shimo ambalo kwa tairi za zamani ningelipita nikiongea na simu, gari likapiga kishindo, mama akarushwa akatua vibaya kwenye kiti, mimi nikashuka haraka, nikazunguka mbele, nikainama, rimu ilikuwa imepasuka ukingo na tairi imelala chini, nikaishika nikahisi kulia, nikampigia Constantine kumuuliza kama yupo anayeziba rimu za namna ile, akanipa namba ya fundi, nikaongea naye akasema inawezekana, ndipo nikamsaidia mama kushuka akakaa kwenye kanga kando ya barabara. Hakunilaumu. Alisema tu kiuno kinamuuma kidogo na kwamba anaomba arudi kwake, na aliyekuja kumchukua ni Mihayo, na mkokoteni.

Tangu hapo mama hapandi gari langu. Jumapili anakwenda kanisani kwa mkokoteni wa Mihayo, wamemtandikia godoro, na amewatangazia akina mama wenzake kwamba gari la Mihayo lina miguu laini. Shangazi, watu wa Mwandoya sasa ule mkokoteni wanauita V8, na V8 yangu hawaiiti chochote.

Mwezi ujao binti yangu Violeth anaolewa, ibada ni hapo hapo Mwandoya kwenye kanisa alilobatiziwa, wakwe wanatoka Mwanza na magari yao ya maana, na mimi nilikuwa nimepanga mama ashuke kwenye V8 mbele ya watu wote na kitenge chake kipya. Nilipomweleza alinishika mkono, akanishukuru kwa Kisukuma kama mama anavyomshukuru mwanawe, "Wabeja, ng'wanawane. Nitakuja na Mihayo." Yaani mama wa mwenye V8 ateremshwe kwenye mkokoteni wa ng'ombe mbele ya wakwe, tena mkokoteni uliovaa rimu za gari la mwanawe! Nikamwambia Lucy nitamwomba Mihayo anirudishie zile tairi, hata kwa siku ya harusi tu, akaniangalia akasema, "Ukizing'oa kwa kaka yangu, kwa baba utaenda kueleza mwenyewe." Toka siku hiyo nyumbani tunaongea kwa salamu tu.

Sasa nisaidie, nimwombe Mihayo tairi zangu kimyakimya, au niwatume wazee wamlainishe mama apande gari? Usingizi umenipotea. Jina langu usilitoe kabisa.

Mimi, mwenye aibu, Bariadi.

*

Marahaba, mwanangu. Kama umenizidi umri, umenizidi umri tu.

Jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadilisha, ila mkokoteni uliovaa miguu ya V8 sina namna ya kuuficha. Mwandoya nzima wameshakujua. Pole kwa hilo.

Na nikupe pole ya kweli pia, maana kutaka gari lako lipendeze si dhambi. Mimi nimezaliwa Zagayu. Baba yangu siku ya mnada alikuwa anampaka dume wake wa kulimia mafuta kwenye pembe mpaka zinang'aa, na sisi watoto tunajidai njia nzima. Pembe alizipaka. Kwato hakuzigusa, kwa sababu kwato ndizo zilizokuwa zinatulisha. Wewe umeanza na kwato. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini walimaanisha kidonda chako mwenyewe, si cha kumpa mama yako.

Tulia sasa nikuseme kidogo.

Barua yako nimeirudia kuisoma. Rimu nimezijua vizuri: inchi zake, mikono yake, ukingo wake wa fedha, mpaka mpasuko wake. Kiuno cha mama yako umekipa maneno mawili, kinamuuma kidogo, basi, ukaendelea na safari. Neno hospitali nimelitafuta barua nzima sikuliona. Mavuno yamepita, harusi inakuja, na huyu mama aliyerushwa ndani ya gari hakuna mtu aliyemtazama kiuno. Mtu mzima akisema kidogo usimwamini. Mama zetu wa Kisukuma hata wamevunjika watakwambia kidogo, wasikusumbue.

Halafu tazama ulivyoandika mwenyewe, mimi sijaongeza chumvi. Ulishuka haraka, ukazunguka mbele, ukainama. Ukampigia Constantine. Ukampigia na fundi. Muda wote huo mama yako yuko ndani, mlango umefungwa, anakuona kwenye kioo cha mbele umeishika ile rimu kama mgonjwa. Unadhani alisahau? Mihayo sikumwona, lakini naweka dau kwamba alipofika pale hakuanza na tairi. Hayo ndiyo mama anayoyaita miguu laini, na wewe umedhani anasema habari za mpira.

Fanya hivi. Ukimaliza kusoma gazeti hili, funga duka. Azima gari la mtu lenye tairi nene, hata pikapu ya mbao, mtandikie mama vizuri, mpeleke hospitali apigwe picha ya kiuno. Foleni ukae naye wewe, na simu uizime. Daktari akisema ni kukaza kwa misuli, mshukuru Mungu. Akisema zaidi, utajua umechelewa kiasi gani, na utaendelea kumhudumia bila kumtajia harusi.

Gari nalo usimpandishe mtu mpaka lirekebishwe. Spesa zitoke, leo. Kipande cha chuma kilichobanwa ili rimu ionekane nje, halafu unapakia familia unaingia nayo barabara ya changarawe, siku nati zikilegea hutaandika barua, tutakuandikia sisi. Na stelingi inayotetemeka haizoei, ndugu yangu, anayezoea ni wewe. Fungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo kuna kibandiko kinachotaja saizi ya tairi za gari lako. Soma, nenda nayo Mwanza, nunua seti ya saizi hiyo, tairi yenye mwili. Ukitaka rimu ya kung'aa ya saizi ile ile, chukua, hakuna aliyekukataza urembo. Zile kubwa muuzie mtu wa mjini asiyetoka lami.

Umeona ilivyo rahisi? Tairi nene zimejaa madukani na wewe ulijua kabla hujashika kalamu. Basi hebu jiulize kwa nini ulizitaka zile za Mihayo tu. Nitakusaidia kujibu. Ulitaka mkokoteni ulale chini, mama akose cha kupanda isipokuwa gari lako. Hilo ni baya kuliko rimu zote za Mwanza, na Lucy amelinusa, ndiyo maana anakusalimia tu. Kamwombe radhi kabla hajakuambia kwa ukali alichokuambia kwa upole.

Tairi za Mihayo usiziguse. Zimeshachinjiwa mbuzi na mbuzi ameshaliwa. Tena nikwambie jambo ambalo naona hujaliona. Katika hadithi yako yote, kuwapa wale watu zile tairi ndilo jambo jema ulilofanya. Kila Jumapili mama yako anafika kanisani bila kurushwa kwa sababu yako. Unambeba, na unalia kwamba hakupandi.

Wazee usiwatume. Kosa lilikuwa la miguu yako, nenda na miguu yako. Gari liache mbali, ingia kwa mama, kaa chini, mwambie, "Mayu, siku ile nilianza na rimu." Usiongeze neno la harusi wala la wakwe. Anajua wewe ni mwanawe, atakuelewa bila maelezo mengi.

Siku ya harusi achague mwenyewe. Akichagua V8, mshukuru na uendeshe polepole. Akichagua mkokoteni, mwambie Mihayo awaoshe ng'ombe, wafungeni na maua kwenye pembe, kitenge kipya kinaonekana vizuri zaidi juu ya mkokoteni kuliko nyuma ya kioo cheusi. Wewe fuata nyuma na V8 yako, taa umewasha, mwendo wa ng'ombe, na usipige honi. Wakwe wa Mwanza waache waangalie. Watajua binti wanayemchukua ametoka kwa watu wa namna gani.

Mkifika kanisani, zima gari, shuka. Usizunguke mbele. Nenda moja kwa moja kwa mama.

Shangazi Milembe