Mazoezi ya Kukataa

Kibeta, Bukoba
3 Februari 2024

Shangazi mpendwa Kokushubila,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia na unaingia kibanjani kwenye migomba yako mwenyewe. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na mvua ya huku nimeizoea. Barua hii anakuletea Avit, dereva wa kosta, maana wewe unasema mambo ya maana hayazungumzwi kwenye simu.

Kazi dukani kwa Bi Mwamvita naipenda. Tunauza blanketi, mashuka, mapazia na vyombo. Sasa anafungua tawi Muleba mjini, na mmoja wetu atapewa kulisimamia. Shangazi, nalitaka tawi hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Nina ombi. Huku mjini ukienda kununua sabuni unabebeshwa na beseni. Wewe hujawahi kubebeshwa kitu na mtu, na bado wauzaji wa sokoni Muleba wanakupenda. Niandikie huwa unawajibu nini. Yote, usibakize.

Mwanao,
Jovina


Kishanda
11 Februari 2024

Mwanangu Jovina,

Marahaba, waitu, mtu wangu. Goti linaniheshimu siku za jua. Baba yako anakusalimu, na bado anauliza kama Bukoba mnakula ndizi au mmegeuka watu wa wali.

Umeniuliza jambo ninalolijua. Kwanza kisifie kitu chenyewe, kwa sababu muuzaji naye ni mtoto wa watu. Kisha sema mzee nyumbani ndiye mwenye kauli, utamuuliza kwanza. Marehemu mume wangu yuko kaburini miaka mingi na bado ananisaidia sana sokoni. Muuzaji akikazana, sema gari linaondoka. Akizidi, sema utapitia ukirudi. Akikushika mkono, sema unacho kama hicho nyumbani na hakijachakaa. Yote hayo useme ukicheka, usimkunjie mtu uso, maana Jumapili mtakutana kanisani.

Usikubali kuonewa huko. Kula vizuri.

Shangazi yako,
Kokushubila


Kishanda
20 Aprili 2024

Jovina,

Hujambo? Sisi hatujambo. Leo salamu zangu ni fupi, utanisamehe.

Jirani yangu Kokubanza alikuja Bukoba kumnunulia blanketi binti yake aliyejifungua. Alichagua duka lenu kwa sababu yako. Kabla hajaondoka nilimfundisha maneno yale yale niliyokuandikia, kwa kuwa ni mtu wa haya, kumwambia mtu hapana kunamshinda. Amerudi na blanketi, mapazia, na chupa ya chai inayotosha msiba mzima. Nauli ya bodaboda haikubaki. Kutoka Muleba amekuja kwa miguu, mzigo kichwani. Na hayo mapazia hana pa kuyatundika, dirisha lake ni la ubao.

Nikamuuliza kama hakusema niliyomfundisha. Akaniambia ameyasema yote. Aliposema atamuuliza mzee, ulimwambia mzee atafurahi kushtukizwa. Aliposema gari linaondoka, ulimpigia Avit simu amsubiri. Aliposema atarudi, ulimwambia mzigo unaisha leo. "Jovina alikuwa ananisubiri mbele ya kila neno," ndivyo alivyosema, na hakukulaumu hata kidogo. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Sikukufundisha kukataa ili ujue pa kuwakamatia wenzangu. Wanawake wa hapa wanasema duka hilo likija Muleba watapita njia ya nyuma ya soko. Usiniandikie kunituliza. Nakuja mwenyewe, nahitaji shuka.

Shangazi yako


Kibeta, Bukoba
2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na Avit alikushusha karibu na nyumbani. Siku uliyokuja nilishindwa kukuomba radhi mbele ya Bi Mwamvita, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa nimejiandaa. Kila neno lako nilikuwa na jibu lake. Ulipochagua shuka, Bi Mwamvita akitutazama, nikakuuliza kama kawaida: na foronya zake je? Ukasema, "Hapana, asante, mwanangu." Nikasubiri sababu, hukuitoa. Nikakuambia rangi zinaendana. Ukakubali kwamba zinaendana, ukarudia hapana, asante. Nikatafuta pa kushika nikakosa. Nawe ulikuwa unanitazama kwa upole tu, kama nilipokuwa mdogo nikikataa uji. Nikakufungia shuka lako.

Ulipotoka nilijua tawi limeniponyoka. Bi Mwamvita akauliza wewe ni nani, nikamwambia. Akasema, "Huyo atarudi. Yule wa mapazia hatakanyaga hapa tena."

Nilikuomba maneno yako kwa hila, Shangazi, na naona aibu. Mwambie Mama Kokubanza vitu vyake nitavipokea, na pesa yake atarudishiwa.

Mwanao,
Jovina


Kishanda
15 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mibuni imezaa, goti ni lile lile. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Kwangu yamekwisha.

Na mimi niseme langu. Miaka yote nilidhani adabu ni kumtafutia muuzaji sababu. Nikiwa kwenye gari kuja kwako ndipo nikaona kwamba kila sababu ni mpini, na mimi ndiye ninayemkabidhi. Mtu amekuuliza kama unataka, umemjibu. Imetosha, na hujamkosea. Wanawake wa jumuiya nimewaeleza hivyo.

Mapazia Avit anayaleta. Chupa Kokubanza amebaki nayo, ameipenda. Lakini dukani kwako anasema haingii, hata ukipewa Muleba.

Shangazi yako,
Kokushubila


Muleba
12 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa. Sasa tumekuwa karibu hata Avit ananicheka kwa kumpa barua, lakini hili nimetaka ulisome.

Tawi nimepewa; Bi Mwamvita anasema anataka duka ambalo watu wanarudi. Tangu nifungue, wanaoingia ni watu wa ofisini na abiria wa mabasi. Wa Kishanda niliwaona wakipita upande wa pili wa barabara, na nilikuwa nawasalimia kwa mbali.

Leo ameingia Mama Kokubanza, mkoba ameukumbatia kifuani. Akaomba sahani. Nikampa, nikazifunga kwenye gazeti, nikamshukuru na kumkaribisha tena. Hakuondoka.

"Mbona huniulizi kama nataka kingine?"

Nikamwambia sitaki kumsumbua tena.

"Niulize," akasema. "Nimefanya mazoezi tangu nyumbani."

Basi nikamtolea vikombe. Sikumlegezea, Shangazi, nilivisifia kama siku zile, nikamwambia vinaendana kabisa na sahani zake. Akakishika kimoja, akakigeuza, akakirudisha taratibu mezani.

"Hapana, asante, mwanangu."

Nikamwambia wageni watavipenda. Akakubali kwamba watavipenda. "Hapana, asante." Safari hii sauti ilijaa duka, na machozi yakanilenga kwa furaha.

Akabeba mzigo wake, akafika mlangoni. Nje walikuwepo wenzake wa Kishanda, wamesimama kusubiri waone yatakayompata. Akawatazama, akasogea pembeni kuwapisha.

"Ingieni tu," akawaambia.

Mwanao,
Jovina